Jiwe la Kunolea Msumeno

Jumatatu, tarehe 6

Msumeno wa mawe umegoma. Diski inazunguka, inapiga kelele, inafuka moshi, jiwe linaitazama tu. Msimamizi kaja na kikombe chake cha chai. Kasema chembe za almasi za ukingoni mwa diski, zile zinazokata, zimezama, nikate tofali laini polepole, kwa maji mengi, mpaka zichomoze tena. Kisha kaongeza kuwa Jumamosi ataamua nani abaki na msumeno, mimi au shemeji. Atakayekosa atazoa tope. Mimi nizoe tope! Na shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, anajua kukata kucha tu.

Matofali yako nyuma kabisa ya karakana. Goti langu limekataa. Ila ukutani limeegemea jiwe la kaburi, laini kama sabuni, mwenyewe hajaja kulichukua miaka nenda rudi. Nikalikata hilo. Diski kali ajabu! Akili ni nywele, na mimi ninazo za kutosha, hata kama ni za masikioni.

Jumanne, tarehe 7

Inakata jiwe kama papai bivu. Lakini kila kibao cha jiwe ninachokata kinatoka na mikwaruzo. Nikazima umeme, diski ikaendelea kuzunguka, taratibu, kama mtu anayemalizia maneno yake. Shemeji anadai mikwaruzo ni herufi. Nikamwambia avae miwani. Alikuwa ameivaa.

Jumatano, tarehe 8

Leo inasomeka: HAPA AMELALA. Nikapata wazo. Nikampisha shemeji kwa heshima zote, akate mbele ya msimamizi, aibu iwe yake. Vibao vyake vikatoka safi, vinang'aa! Kasifiwa kama bwana harusi. Nikarudi mimi: HAPA AMELALA MZEE. Nikakigeuza kibao upesi. Maji ya diski yakanirukia mdomoni. Yana ladha ya udongo wa chini sana.

Alhamisi, tarehe 9

Nimegonga diski kwa mti, ndivyo tunavyopima ufa. Nzima hulia kama kengele. Hii ilinyamaza. Nikageuka niondoke, ndipo ikaitika, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

Nikakata kibao kimoja tu. Jina langu, lile la utotoni ambalo hapa hakuna alijuaye. Mwaka wa kuzaliwa, ule wa kweli, siyo niliowapa ofisini. Kisha kistari, na mbele yake patupu.

Shemeji akakiona, akakifunika kwa gunia. Akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake: “Shem, niachie mimi huu msumeno. Dada hatanisamehe.”

Mjanja huyo!

Jumamosi, tarehe 11

Msimamizi kasema kwa haki msumeno ni wa shemeji, ila mimi ndiye mkongwe, nitamke mwenyewe: naachia au nabaki? Nabaki! Sikumngoja amalize. Shemeji akavua kofia, akainamisha kichwa, akaenda kuchukua koleo la tope.

Nimeshinda. Na dawa ya kistari ninayo. Tarehe ya kufa inataka nafasi mbele yake. Kuanzia Jumatatu nakata vibao vifupi tu.