Mzee Haombi Blanketi

Jumamosi, 8 Novemba

Baridi imeingia. Maji ya chai yamegeuka jiwe ndani ya sufuria. Nikayagonga na kijiko. Yakanijibu.

Peris akaja kugonga mlango na uji, bado na nguo za kazi. Ameniomba tena nihamie ndani ya nyumba. Nimemwambia tena kwamba mimi ni baba yake, silali chini ya paa la mkwe wangu. Ni mwiko. Akasema hii ni Minnesota. Nikamwambia mwiko hauombi viza.

Ndiyo maana niko na hii RV. Gari lenye kitanda, jiko na choo. Nililipata kwa mzungu wa Hopkins, alikuwa akienda nalo kuvua samaki. Mimi nimeliita Boma. Limeegeshwa mbele ya gereji ya Jairus, mkwe wangu, hapa Lakeville. Ukitema mate yanafika mlangoni kwake. Lakini paa ni langu. Heshima iko.

Nimekuja Amerika kwa ajili ya mke wangu. Mke wangu hana jino hata moja, na anavaa nepi. Jina lake Kageha. Peris alimpa jina la marehemu mama yake, yule Kageha wangu wa kwanza. Kila asubuhi huyu mdogo ananivuta ndevu. Yule mkubwa pia alikuwa akizivuta, lakini kwa hasira.

Sasa, mwiko una mlango wake. Katika ukoo wetu, mkwe akitaka baba mkwe alale kwake, anamwekea blanketi mabegani kwa mikono yake, mbele ya watu. Kuku analiwa. Basi, mzee analala popote. Nimengoja tangu Julai. Jairus hajaniletea hata leso. Na mzee haombi blanketi. Blanketi ukiliomba ni nguo tu kama soksi.

Jumatatu, 10 Novemba

Tumepata mgeni. Msichana wa serikali ya mji, kofia ya sufu, beji kifuani, adabu mpaka unaona haya. Ati jirani amelalamika. Sheria inasema gari linaweza kukaa hapo, lakini mtu asiishi ndani. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba siishi, napumzika tu. Akaangalia chupi zangu kwenye kamba. Akasema atarudi Ijumaa. Akikuta bado naishi humo, faini ni ya mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ni Jairus.

Peris amesema sasa hakuna kona ya kujificha. Ama naingia ndani, ama naenda kwa kaka yake Heri huko Texas. Texas! Kageha atajifunza kutembea na mimi siko. Ataulizwa babu yako ni nani, aonyeshe simu.

Lazima blanketi lije kabla ya Ijumaa. Na lije bila kuombwa. Si kazi ngumu. Mimi niliwahi kumfanya askari wa barabarani Mariakani anisukumie lori, na bado akasema asante.

Jumatano, 12 Novemba

Mbinu. Nilitundika blanketi langu la zamani kwenye fensi, lile lenye matundu, mahali Jairus anapita akitoka shifti ya hospitali. Nikakaa kando yake nikitetemeka kwa sauti.

Jairus akasimama. Akaangalia matundu. Akaniuliza kwa heshima kama nataka anisaidie kulitupa.

Nikamwambia halitupwi, hilo ndilo lilinilinda Timboroa. Akauliza Timboroa kulikuwa na nini. Sasa mtu akikuuliza hivyo utafanyaje? Nikamsimulia nilivyoharibikiwa na lori kule juu, nikalala chini yake, masharubu yakaganda mpaka nikawa nayavunja kama kuni. Fisi akaja. Akanilamba shavu. Akaondoka meno yakimgongana. Nikaongeza kwamba tangu siku hiyo siwezi kulala mahali pa joto, nyumba ya joto inaozesha mapafu.

Jairus alisikiliza mpaka mwisho. Kijana huyu amelelewa Buruburu, Nairobi mjini, lakini anajua kusikiliza. Akasema mimi ni chuma. Akaingia kulala.

Ilikuwa hadithi nzuri sana. Hiyo ndiyo shida.

Jioni nikampigia simu Gilbert. Gilbert ametoka kijiji cha jirani na chetu, amezeekea Saint Paul, ni mzee wa kanisa. Anajua mila zote, na anafurahi sana nikikosea moja. Nikamwambia amdokeze Jairus kidogo, kama mtu anayeongea juu ya hali ya hewa. Akakataa. Akasema kutuma mdomo wa mwingine bado ni kuomba. Halafu akaniuliza kama ni kweli ninalala ndani ya gari la kubebea kuku.

Nikakata simu. Kuku gani anaendesha?

Ijumaa, 14 Novemba

Jana jioni nimekuta boksi kwenye ngazi ya Boma. Limetoka kwa Jairus, ameagiza kwa simu. Nikafungua. Blanketi! Jipya, rangi ya damu ya mzee, laini kama sungura. Moyo uliruka.

Halafu nikaona waya.

Nikampigia Gilbert kwa video. Akavaa miwani. Akaniambia nigeuze upande huu, nigeuze upande ule. Hukumu: halihesabiki. Halikuwekwa mabegani. Hakuna shahidi. Hakuna kuku. Tena blanketi la kuchomeka ukutani si blanketi, ni pasi ya kulalia.

Basi nikalichomeka hivyo hivyo. Na hita ilikuwa inawaka, na birika. Stima ikakatika. Nikafikiri ni ya Boma tu. Nikajikunja nikalala na koti.

Asubuhi nimemsikia Peris ndani ya gereji. Kumbe Boma linavuta stima ya gereji, na ya gereji yote ilikufa, na friza ilikuwa humo. Ndani ya friza alikuwa akiweka maziwa yake mwenyewe, anayakamua kazini wakati wa kupumzika ili Kageha anywe mama yake akiwa shifti. Gereji yao ina joto kuliko kwangu. Yote yamekuwa maji. Aliyamwaga pakiti moja moja kwenye sinki. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Baadaye alikuja akaketi kwenye ngazi yangu.

"Baba," akasema, "kule kazini, kila mzee nikimgeuza kitandani, nakuona wewe. Umeganda ndani ya hili gari, na mimi ndiye nafungua mlango."

Nilifungua mdomo nimwambie juu ya blanketi. Naapa, ulifunguka. Nikasema baridi ya huku ni ya watoto.

Akainuka akaingia ndani.

Msichana wa beji alikuwa anakuja alasiri. Sitaki Jairus atozwe faini kwa sababu yangu. Nikawasha Boma, nikamwambia Peris naenda kumtembelea Gilbert siku mbili tatu, na nikaja mpaka paking ya kanisa letu hapa Saint Paul. Gilbert ndiye ana ufunguo wa geti. Alifungua polepole sana, kama mtu anayekula nyama. Akasema naweza kulala kwake, ana kochi. Nikamwambia nina nyumba.

Nimesahau kumuaga Kageha. Yaani sikusahau. Nilipita dirishani, nikaona kama nikiingia sitatoka.

Jumapili, 16 Novemba

Mikono imepata joto sasa, naweza kuandika.

Gesi iliisha jana. Betri nayo ikafa, kwa hivyo hita ikafa, kwa hivyo kila kitu kikafa isipokuwa mimi. Asubuhi barafu ilikuwa ndani ya vioo, upande wangu. Nilikaa kitandani nimevaa kila kitu ninachomiliki, hata tai.

Watu wakaanza kufika kanisani. Nikafungua mlango kidogo, nikawaambia nimewahi ili niombe. Mama Euphrasie, yule Mkongo anayepikia kwaya, akasimama na sinia lake limefunikwa na karatasi ya fedha. Akaniangalia sana. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba Jairus amenifukuza.

Sikuelewa. Akasema kila mtu anaongea hivyo. Mzee analala paking, na mkwe ana nyumba yenye ghorofa. Akanipapasa bega. "Pole, Papa. Wakwe ya siku hizi."

Hapo ndipo baridi iliponiingia kabisa. Miezi yote hii nimelala nje ili nisimvunjie kijana heshima. Kumbe nimemvua nguo mbele ya kanisa zima.

Nikataka kutoka nikawaambie. Miguu ikakataa.

Jairus akafika wakati huo huo, moja kwa moja kutoka hospitali, na zile nguo zao za kijani. Peris na mtoto walikuwa wamempitia, wakabaki ndani ya gari. Watu walimwangalia vile mtu anavyoangaliwa akikamatwa na mbuzi wa mwingine. Yeye hakuwaona. Alipanda ngazi ya Boma, akanishika mkono, akauachilia haraka kama mtu aliyeshika barafu. Nikaanza kumwambia kwamba Timboroa... Nikashindwa. Meno yalikuwa yanagongana.

Akarudi kwa gari lake. Akaleta blanketi la Kageha, lile la bata, linanuka maziwa. Akanitoa nje. Akaniwekea mabegani. Lilikuwa dogo, kwa hivyo akalifunga shingoni kwa mikono miwili, kama unavyomfunga mtoto wa chekechea. Mbele ya watu wote.

Gilbert alikuwa mlangoni mwa kanisa na vitabu vya nyimbo. Akaviweka chini kwenye theluji.

"Jairus," akasema. "Unajua umefanya nini?"

Jairus alidhani amekosea. Akasema pole.

Gilbert akamwendea Mama Euphrasie, akafunua lile sinia, akatoa mguu wa kuku. Mama Euphrasie akamwambia, "Papa Gilbert, hiyo kuku ni ya chorale." Gilbert akasema leo kwaya itaimba na njaa. Akanipa nikauma. Akampa Jairus akauma. Akageukia wale wote waliokuwa wakinong'ona, akatangaza kwamba mkwe amemfungulia baba mkwe nyumba, kwamba tangu leo nikilala nje ni ujinga wangu mwenyewe, si mwiko.

Ndipo Jairus akaelezwa. Aliuliza ni blanketi tu nilikuwa nangoja? Gilbert akasema tangu Julai. Jairus akaniangalia. Macho mekundu ya kukesha kazini.

"Mzee, wewe uliniambia nyumba ya joto inaozesha mapafu," akasema. "Mimi kila siku najiuliza, huyu namheshimu ama namuua?"

Mimi! Nilitafuna tu.

Peris akashuka na mtoto. Alikuwa amelia. Akasema, "Baba, siku nyingine sema. Fungua mdomo, useme." Nikamwapia hapo hapo, mguu wa kuku mkononi. Kageha akaona ndevu, akanyoosha mkono.

Jumanne, 18 Novemba

Nimelala ndani ya nyumba ya mkwe. Kitanda hakiyumbi nikigeuka. Choo kina joto, hata unasahau ulichoendea.

Boma limevutwa likarudi mbele ya gereji. Msichana wa beji amekuja, akachungulia, hakuna kamba wala chupi. Akanipungia mkono nikiwa dirishani na mke wangu. Mke wangu alikuwa amenitapikia shati. Nikampungia pia.

Gilbert amepiga simu kujua kama nimeshukuru. Nimemweleza kwamba mambo yote yalikwenda kama nilivyopanga. Nilijua betri itakufa. Dereva wa miaka yangu anaijua betri kama mke. Akasema Mama Euphrasie anadai kuku wake.

Alhamisi, 20 Novemba

Shida ndogo. Nyumba hii ni moto. Wanaweka joto kwa ajili ya mtoto, na chumba changu ndicho kiko juu ya ile mashine yenyewe. Usiku natoa jasho mpaka shuka linanata. Nimelala na fulana, nimelala bila fulana, leo nimelala sakafuni kama mbwa.

Kile kidude cha kupunguza joto kiko ukutani, sebuleni. Ni cha Jairus. Mimi ni mgeni. Mzee hawezi kumwambia mkwe apunguze joto, ataonekana anadharau nyumba aliyofunguliwa juzi tu.

Lakini nina akili. Jioni, tulipokaa kula ugali, nilijifuta uso na kitambaa, polepole, aone. Nikavuta pumzi. Nikaanza kumsimulia Jairus juu ya Magadi, nilipokuwa nikibeba magadi kwa lori. Joto la huko si mchezo. Tulikuwa tukikaanga mayai kwenye bodi ya lori, na makondakta wakizimia mmoja mmoja. Akaniuliza mimi je. Mimi? Nikamwambia mimi nilikuwa nikivaa koti. Joto ndilo linanipa nguvu. Mifupa yangu ikipata joto la kweli inaimba.

Jairus alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka, akaenda ukutani, akabonyeza kile kidude. Akarudi akaketi, ametabasamu.

"Nimeongeza kidogo, Baba."

Kijana ana heshima sana. Nimefungua dirisha, naandika kichwa kikiwa nje. Kesho nitamsimulia ya barafu ya Mlima Kenya.