Kiti Changu Kwenye Televisheni

Jumatatu, 4 Agosti

Mhariri ameniita ofisini kwake na kufunga mlango. Nikajua leo nafukuzwa. Kumbe ni heri! Kituo cha televisheni kinaanzisha kipindi cha kuchambua vipindi vipya, na kinatafuta mhakiki mmoja wa gazeti akae kiti cha katikati. Majina yamebaki mawili. Langu, na la Bwana Asali wa gazeti lile jingine.

Bwana Asali! Jina hilo nilimpa mimi, maana kwake kila kipindi ni kitamu. Shindano la mapishi ambalo majaji wanafumba macho kila wakionja, utadhani wanaombewa: kwake "limesheheni hisia". Tamthilia ambayo kila mtu lazima ashuke ngazi kwanza ndipo aseme neno: kwake "inasisimua". Chemshabongo ambayo mtangazaji hajui jibu mpaka asome kadi, na kadi yenyewe anaisoma vibaya: "inaelimisha". Mwonyeshe mtu huyu televisheni iliyozimwa, atausifu weusi wake.

Mimi nimeidharau televisheni miaka mingi, tena kwa maandishi. Ni sanduku la kelele kwa watu wasio na la kufanya. Lakini kile kiti nakitaka. Nakitaka mno! Mama mkwe yuko kwetu tangu alipofanyiwa upasuaji wa goti, na kila mgeni akija humweleza kwamba mume wa binti yake bado anatafuta kazi, kwa sasa anaandika-andika. Ngoja siku moja abonyeze rimoti anikute nimekaa humo ndani, taa zote zinanimulika. Tuone kama bado nitakuwa naandika-andika.

Jumanne, 5 Agosti

Utaratibu umejulikana. Kituo kimetupa sote wawili tamthilia yao mpya ndani ya flashi, sehemu nne, kabla haijarushwa. Tahakiki zetu zitoke Jumamosi. Tamthilia itaanza Jumapili, kila siku sehemu moja. Mkuu wa Vipindi atatusoma, kisha atachagua.

Nilipokwenda mapokezi kuchukua flashi yangu, Bwana Asali alikuwa ameshafika, koti limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Akaniita kaka mkubwa. Akavisifu viatu vyangu. Viatu hivi hivi ambavyo kimoja kimepasuka ubavuni! Mnafiki.

Nimewaza njia nzima, na nimepata. Kila Alhamisi Bwana Asali hunifuata mkahawani, huniagizia chai, na kunidadisi nimeonaje kipindi fulani. Kisha huenda kuandika kinyume changu. Nikiponda, anasifu. Mara moja tu maishani nilisifu kitu, filamu moja kuhusu ujenzi wa madaraja, kwa sababu msimulizi nilisoma naye. Wiki ile ile Asali akaiponda mpaka nikaionea huruma. Mtu yule hana maoni. Ana maoni yangu, ameyavaa nje ndani.

Basi! Safari hii nitasifu. Alhamisi nitamwambia kwamba nasifu. Yeye atakimbia kuponda. Mkuu wa Vipindi atafungua magazeti na kuona mmoja amemvisha taji, mwingine amemmwagia matope. Mkono mtupu haulambwi. Kiti ni changu.

Jumatano, 6 Agosti

Kwa kawaida huangalia dakika chache za mwanzo, yaliyobaki ni kipaji. Lakini kwa ajili ya kile kiti nimeamua kuangalia zote nne, tena sebuleni kama mtu wa kawaida. Nikachomeka flashi, nikabonyeza ya juu kabisa, nikaziacha zijiendeshe zenyewe. Mama mkwe alikataa kutupisha. Goti ni lake, kochi ni lake.

Tamthilia ya ajabu! Mfanyabiashara anazikwa. Mjane analia, watoto wanagombea nyumba kabla udongo haujakauka. Sehemu inayofuata, marehemu yuko hospitalini anamkemea nesi. Inayofuata, anaoa, na bibi harusi ni yule yule mjane. Ya mwisho, yuko kwenye foleni ya benki anamwuliza msichana jina lake nani.

Mama mkwe hakufunga mdomo. Aliuliza huyu si tulimzika, mbona anaoa. Baadaye akasema, hebu baba tazama vizuri, isije ikawa umeanzia nyuma. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba, mama, hii ni sanaa, haiendi kwa zamu kama kliniki. Akasema sawa, yeye hakusoma, ila maiti akiiona anaijua. Mke wangu alikuwa anapiga pasi pembeni, akacheka mpaka akaunguza kola ya shati langu. Sikuona cha kuchekesha.

Kusema kweli ni upuuzi kama upuuzi mwingine. Wote wanashuka ngazi, wote wanagonga milango na kuingia kabla ya kukaribishwa. Lakini angalau nina cha kusifu. Nimeandika: "Tamthilia yenye ujasiri wa kuanzia kaburini na kurudi nyuma hadi salamu ya kwanza." Sentensi hiyo nimejisomea kwa sauti mbele ya kioo. Ni nzuri. Mimi ni hatari.

Alhamisi, 7 Agosti

Amenasa! Alikuja mkahawani kama kawaida, akaagiza chai, akaanza kuzunguka mbuyu: vipi nyumbani, vipi goti la mama, na vipi ile tamthilia. Nikamwambia nimeipenda. Akapaliwa. Akauliza tena, kaka mkubwa, umeipenda kabisa? Nikamweleza kila kitu, jinsi inavyoanzia kaburini na kuishia benki. Alikuwa anaandika kwenye simu chini ya meza, akidhani sioni.

Nikamwuliza, kwa utani tu, kama yeye ameshaiangalia. Akaapa kwamba ameiangalia kwa makini, hasa pale mwanzoni, pale, pale kaburini.

Pale kaburini! Nimemtajia mimi sasa hivi! Hajaifungua hata hiyo flashi. Mtu anapokea mshahara kwa kuangalia vipindi, na vipindi haangalii. Taaluma yetu imeingiliwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi tamu, mchana shubiri.

Asubuhi magazeti yametoka. Langu: ujasiri, kaburi, salamu ya kwanza. La Asali: "Hadithi inakwenda kinyumenyume mpaka mtazamaji anaumwa shingo. Nawatahadharisha." Nilicheka peke yangu mtaani mpaka mwanamke mmoja akavuka barabara kunikwepa.

Mchana akapiga simu mwongozaji wa tamthilia. Sauti ya upole, ya mtu aliyemaliza kulia muda si mrefu. Akashukuru kwa sifa. Kisha akauliza, kwa adabu, kama nilianza na sehemu ya kwanza. Nikasema bila shaka. Akauliza hiyo ya kwanza ina benki au ina kaburi. Nikamwambia mtandao unakatika, nikaukata mwenyewe.

Nimerudi kwenye televisheni kuangalia. Televisheni yetu hupanga vya mwisho juu na vya kwanza chini. Nilianza na ya nne. Namba zimeandikwa, tena kubwa! Mama mkwe alikuwa pale pale, ananitazama huku anakoroga chai isiyo na sukari.  

Nimekwisha. Kesho kila mtu ataona benki, na gazeti langu linasema kaburi. Nimejilaza kitandani na viatu vyangu, kile kilichopasuka na kile kizima.

Jumapili, 10 Agosti

Wakati wa tamthilia nilijifungia bafuni. Mama mkwe akaniita kwa sauti ya kuamsha mtaa: njoo baba, wanazika!

Wanazika! Kaburi, mjane, watoto wanagombea nyumba! Kituo kimerusha ya nne kwanza!

Nikampigia mhariri, naye alikuwa na habari zote. Mkuu wa Vipindi alizisoma tahakiki zetu mbili jana. Tamthilia yenyewe hajaiangalia, ana mikutano. Akasema hawa wawili hawajawahi kukubaliana hata kama mvua inanyesha. Wakisema wote kwamba hadithi inaanzia kaburini, basi inaanzia kaburini, na mafundi mitambo ndio waliopanga vibaya. Akaamuru sehemu zigeuzwe. Mwongozaji alikwenda kumlilia mlangoni. Akaambiwa aache kubishana na wataalamu.

Mungu hamtupi mja wake! Sijui hata nilikuwa na wasiwasi wa nini. Sasa ni televisheni inayonifuata mimi. Kesho namwona fundi cherehani anipime koti.

Alhamisi, 14 Agosti

Jana wamemaliza. Watazamaji wamecharuka. Redioni asubuhi nzima ni matusi ya kistaarabu. Muuza duka wetu anasema alimlilia marehemu Jumapili kwa machozi ya kweli, na jana amemwona mzima kabisa kwenye foleni ya benki, anatongoza. Anasema amedhalilishwa. Nikamweleza kwamba tatizo ni yeye, hajazoea kazi zenye kina. Akanihudumia baada ya watu wote waliokuja nyuma yangu.

Wajinga! Lakini kiti hakigawiwi na wauza duka. Bado nina tumaini. Koti limekamilika, mikono tu ni mirefu kidogo.

Ijumaa, 15 Agosti

Kituo kimetoa taarifa. Kinawaomba radhi watazamaji. Kimesema sifa zilizopitiliza za "baadhi ya wahakiki" zilikipotosha. Na kiti cha katikati kimekwenda kwa mhakiki pekee aliyeona mbali, akawatahadharisha watu mapema kwamba hadithi inakwenda kinyumenyume.

Asali!

Hakuangalia hata dakika moja! Nilimsimulia mimi, nikamtega mimi, nikampeleka mimi mwenyewe mpaka mlangoni. Kanipigia simu. Kaniita kaka mkubwa. Kasema kwa unyenyekevu kwamba bila mimi asingefika. Na mshenzi huyo anasema kweli!

Imeniuma. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya ofisi na nimelia. Nilikuwa nimeshachagua hata nitakavyogeuza kichwa kamera ikinijia. Nyumbani picha yake ilikuwa kwenye taarifa ya habari. Mama mkwe kamtazama kwa muda, kasema kijana huyu anaonekana ana kazi ya maana. Kisha kanigeukia, kaniona uso, akaniambia njoo ule, baba. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeamka na akili safi. Nimetafakari siku mbili nzima, na kosa langu nimeliona. Ni moja tu: niliangalia! Miaka yote sikuwa naangalia, na sikuwahi kukosea hata siku moja.

Kipindi cha Bwana Asali kinaanza Jumapili ijayo. Tahakiki yangu nimeshamkabidhi mhariri leo asubuhi. Nimeeleza jinsi sauti ilivyomtetemeka, jinsi alivyosahau majina ya wageni wake, na jinsi jasho lilivyomtiririka mpaka kwenye kola. Mama mkwe ameuliza nimeyajuaje yote hayo na Jumapili yenyewe haijafika. Nimemwambia, mama, huu ndio utaalamu.

Na asipotetemeka, hilo litakuwa kosa lake.