Pumzi ya Gari la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 2019

Aibu! Mlima wa Nyakunguru umetushinda tena. Abiria wanne na viroba vya mawe ya dhahabu. Gari likakohoa, likakaa. Abiria wakashuka kusukuma. Na nani alikuwa amesimama kule juu anakula muhogo? Shemeji Okinyi, mdogo wake Amondi mke wangu. Ana leseni mpya, bado inanuka plastiki, na anaililia kazi yangu ya kubeba abiria kama mtoto anavyolilia nyama. Akauliza kwa heshima zote kama shemeji anahitaji msaada. Mnafiki!

Gari si langu, ndiyo shida. Ni la mama mkwe. Aliuza mafahali wake huko Susuni akalinunua, akanikabidhi mimi kwa majaribio. Jumamosi nampeleka Morotonga kwenye ibada ya shukrani ya dada yake. Ametuma salamu kwamba siku hiyo ataamua gari libaki kwangu au liende kwa Okinyi. Bila gari mimi ni nani hapa machimboni? Nitarudi kushika sururu. Mgongo wangu hautaki.

Nimefikiri. Gari halina pumzi. Dawa ni kuliongezea pumzi.

Jumanne, 4 Juni

Sirari. Binamu yangu Ouma, wa ng'ambo ya Kenya, anauza vifaa vya magari. Alikuwa na mabomba mawili ya kuvuta hewa. Moja fupi, linakaa ndani ya boneti. Jingine refu, linashuka mpaka nyuma ya bampa kuvuta hewa baridi ya chini, na mwishoni lina chujio jekundu, liko wazi. Ouma akaapa kwamba hiyo refu ni moto, vijana wa kwao wakifunga hiyo, gari inatoka mbio hadi polisi anasahau kuinua mkono. Nikamuuliza tofauti ya kitaalamu. Akasema refu ni refu. Nikachukua refu.

Kisha mtaalamu wa kompyuta, Nikodemo, akachomeka waya chini ya usukani ili abadilishe programu ya injini. Kulikuwa na ya kubana mafuta, ya kubeba mizigo na ya mashindano. Akashauri mizigo. Mizigo! Nikachagua mashindano.

Amondi ameuliza nashindana na nani. Anajua.

Jumatano, 5 Juni

Fundi Marwa amefunga bomba huku akinicheka kwa Kikurya na kwa Kiswahili. Alitaka kwanza afungue boksi la zamani la chujio, aone kama limeziba. Nikamkataza. Nani anafua kaptula wakati suti iko mlangoni? Boksi nikalitupa uani.

Amondi akaliokota. Akalifungua, akatoa nyasi na manyoya tele, panya walikuwa wamejenga humo. Akasema hapo ndipo pumzi ya gari ilipoishia. Wanawake na ufundi! Akatandika majani makavu, akamweka kuku wake atagie. Sawa, boksi limepata kazi ya kulifaa.

Lakini mlio! Fwaaaa! Nimepita mbele ya Okinyi nikaenda, nikarudi, nikaenda tena. Mafuta yakaisha palepale mbele yake. Alinisukuma yeye. Sitaki kuliandika zaidi jambo hili.

Alhamisi, 6 Juni

Siku nzima niko kwenye makarasha ya Mogesi, zile mashine za kusaga mawe, nasubiri abiria. Sikuzima injini. Ningezima, watu wangesikia nini? Vumbi lilikuwa linaruka kama unga wa muhogo, lakini mimi nilikuwa ndani, vioo juu. Linanihusu nini?

Jioni gari likakohoa kuliko zamani. Marwa akalala chini ya bampa, kisha akaanza kuita watu. Chujio jekundu limekuwa donge jeupe! Bomba langu refu limevuta vumbi lote la ardhini. Marwa akasema, "Bwana Olima, wewe umekula mawe ya watu." Wakacheka mpaka mama ntilie akaacha chungu chake aje kuona.

Wacheke tu. Nimelala kitandani na wazo limenijia. Vumbi la mawe ya dhahabu ni nini? Ni dhahabu!

Ijumaa, 7 Juni

Nimepeleka chujio mwaloni, pale wanapooshea dhahabu. Nikaazima beseni la Amondi, nikalisugua chujio humo kwa brashi ya nguo. Likachanika, lakini chembe hii hapa! Ndogo kama jicho la sisimizi, inang'aa. Nikapiga kelele. Kosa kubwa.

Mogesi akaja mbio. Mawe yamesagwa kwake, vumbi ni lake, anataka fungu. Mwenye mwalo naye anataka fungu, ndiyo kawaida ya machimbo. Mimi nikadai mafungu mawili, langu na la gari. Tukabishana, tukatukanana, tukapatana. Tulipogeuka, Amondi alikuwa amemwaga maji yote, na chembe humo humo, na kuondoka na beseni lake. Mama yake anafika jioni, shuka hazijafuliwa.

Nina hasira. Na chujio halifai tena.

Jumamosi, 8 Juni

Mahali pa chujio nilifunga soksi yangu ya kanisani. Hewa ni hewa.

Mama mkwe alikaa nyuma. Kwetu mtu haongei ovyo na mama mkwe, kwa hiyo kila neno lilipitia kwa Amondi kiti cha mbele. Mwambie mumeo gari linanguruma. Mwambie mama huo ndio uzima wake. Mwambie mumeo limelia kama bunduki. Mwambie mama hiyo ni programu ya mashindano. Mwambie mumeo tunakwenda kwenye shukrani. Hilo la mwisho Amondi alilifikisha kwa sauti kubwa kuliko alivyolipokea.

Tulipovuka daraja la Mto Mara, injini ikameza soksi. Kimya. Mama mkwe na gauni lake jipya, juani. Nilitamani ardhi inimeze.

Amondi akapiga simu. Alimpigia nani? Okinyi! Mke wangu mwenyewe! Kijana akafika na bodaboda, kabeba lile boksi la zamani, mayai mawili ndani, na chujio jipya la kawaida. Akachomoa soksi, akafunga boksi. Gari likawaka, likatulia.

Mama mkwe akasema, safari hii bila kupitia kwa mtu, "Okinyi, shika usukani."

Na mimi nikae wapi? Nyuma, bega kwa bega na mama mkwe? Mwiko. Amondi akasema akikaa nyuma anatapika. Nimerudi Nyakunguru na bodaboda, nimeshika mayai.

Jumapili, 9 Juni

Gari ni la Okinyi. Leo amepanda mlima na abiria watano, hakuna aliyesukuma. Limepita hapa bila mlio wowote. Nimeumia, sifichi. Nilitaka kulia.

Lakini nimetulia, nimefikiri, na kosa nimeliona. Bomba refu! Refu linavuta vumbi la chini. Ningechukua fupi! Kesho alfajiri niko Sirari, Ouma anibadilishie. Amondi ameuliza nitalifunga kwenye gari gani. Nimemweleza kwamba gari ni jambo la baadaye, watu wengi hukosa magari kwa sababu hawakujiandaa. Ameegemeza sururu mlangoni, akaenda kulala.

Sasa hivi nimemkuta kuku, yule aliyenyang'anywa boksi, ametagia ndani ya chujio langu jekundu. Nimemfukuza. Lile ni la mashindano.