Mbwa Saba na Sharti Lililofutwa

Jumatatu, 27 Mei 2019
Sikukuu. Mji wetu wa Toledo wote unachoma nyama, mimi niko mezani na mbwa saba. Mbwa wa kwenye karatasi, zoezi la mtihani wa kuingia chuo cha sheria! Wapangwe foleni ya kuogeshwa: Rex amtangulie Daisy, Duke asifuatane na Biscuit, na kadhalika. Hapo sina shida. Kinachoniua ni swali la mwisho, la kubadilisha sharti. Wanafuta sharti la Rex, halafu wanauliza ni lipi kati ya haya matano likiwekwa mahali pake litafanya kazi ileile, bila kulegeza wala kukaza. Nikachagua "Rex hawezi kuwa wa mwisho." Si kweli? Kweli tupu! Nimekosa. Ati kuwa kweli hakutoshi. Sasa chuo cha sheria kinataka nini zaidi ya ukweli?

Mke wangu Loretta kasema hii ndiyo mara ya tatu na ya mwisho. Nikifeli, naingia dukani kwa baba yake kuuza mazulia. Kasema kwa upole, ametoka zamu ya wodini aliyoichukua ili mimi nisome, miguu imemvimba. Roho imeniuma sana. Nimemlia soseji yake kwa majonzi.

Jumanne, 28 Mei
Kikundi chetu cha kujisomea, maktaba. Mwenzetu Bronwyn Tuttle kapata yote. Yote! Huku anatafuna karoti. Nikamwuliza siri yake. Kasema hamna siri: kila jibu uliulize, je, linaruhusu kilichokatazwa? Linakataza kilichoruhusiwa? Ukipata ndiyo hata moja, tupa. Hapo nikajua ananificha.

Nimemkomesha. Nimeandika kwenye jukwaa la watahiniwa mtandaoni, kwa jina la bandia, kwamba kwenye maswali haya jibu refu kuliko yote ndilo sahihi. Bronwyn hulisoma kila siku. Atajuta!

Ijumaa, 31 Mei
Mazoezi kwa vitendo. Sharti la Loretta: hakuna simu mpaka nimalize jaribio. Nimelibadilisha: simu chooni tu. Kazi ileile, au siyo? Nimeshinda chooni. Loretta kagonga, kauliza kama nimekufa. Kisha: "Wewe mwanamume, hilo sharti lako linaruhusu kila kitu!" Mantiki haijui, maskini.

Ila humo chooni nimekuta habari nzito. Jukwaa zima linazungumzia jibu refu! Mtu wa Oregon anathibitisha. Mwingine, binamu yake kaingia chuo kwa mbinu hiyohiyo. Nikacheka peke yangu. Halafu nikawaza: wote hao watakosea? Huenda nilibuni jambo la kweli bila kujua. Vipaji ndivyo vilivyo.

Jumatatu, 3 Juni
Mtihani! Loretta kanibusu mlangoni, kanisihi nisome kila jibu mpaka mwisho. Swali la kubadilisha sharti likaja, la wapishi na zamu zao. Jibu A fupi, linanivuta. Nikalipita! D lina mistari mitatu. Nikakisiliba kiduara chake kwa raha. Kisha nikajiuliza, mbinu nzuri namna hii kwa nini iishie swali moja? Nikaitumia sehemu nzima. Nimemaliza mapema, nikapata na usingizi.

Nje, Bronwyn kasema la wapishi yeye kachagua A. Nilimhurumia kwa dhati.

Alhamisi, 27 Juni
Matokeo. Nimeshuka chini ya ile mara niliyofanya na homa. Jibu la wapishi lilikuwa A.

Loretta hakufoka. Kakaa kwenye ngazi za nyuma na sare yake ya wodini, kalia. Kasema si mazulia yanayomliza, ni kwamba alishazoea kuniita wakili mbele ya wagonjwa. Nami nikalia, kweli kabisa. Nikamwapia: Jumatatu naingia dukani kwa baba mkwe, na hakuna mtihani tena. Akanishika mkono, akatabasamu. Nampenda mke wangu.

Saa hizi amelala, na mimi nimelitazama lile sharti vizuri. "Hakuna mtihani tena" linabana mno. Nimeweka badala yake "hakuna mtihani tena ambao Loretta ataujua." Kwake matokeo ni yaleyale. Nimeshajiandikisha kwa mtihani wa Septemba.

Na safari hii, jibu fupi.