Kona Yenye Upepo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku kubwa. Mzee Mbarak, mzee wetu wa kijiji, amepita nyumba hadi nyumba na habari njema: fedha za maji zimetengwa kwenye bajeti ya kaunti. Kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine, tangi juu, mabomba manne chini. Hapa hapa Mkunguni, ambako ni Kisauni kwenye ramani tu. Lami imetuacha kilomita tano nyuma, na maji hayajawahi kutufikia.

Kilichobaki ni kiwanja. Mtu ajitolee kona ya shamba lake bure, atie sahihi, iwe ya umma. Mhandisi anakuja Jumatano kupima. Ijumaa mkutano uamue. Mwezi huu ukiisha bila karatasi zetu kufika ofisini, fedha zitapewa kijiji kingine.

Watu wote wamewaza maji. Mimi nimewaza kibao chenye jina langu: KISIMA CHA NZAI. Mtoa kiwanja hawezi kukosa uenyekiti wa kamati, na mwenyekiti hawezi kukosa kiti cha mbele kwenye kila arusi. Miaka thelathini nilikuwa karani wa ghala kule Changamwe, nikipigia muhuri vitu vya wengine. Zamu yangu imefika.

Nilikuwa nachora kibao Salha, mke wangu, aliporudi na mtungi kichwani. Akaomba nimtue. Nikamwambia asubiri nimalize herufi ya Z.

Jumanne, 10 Juni

Balaa. Bi Mwanasiti, jirani yangu muuza mahamri, ameshatoa kona yake. Ya mbele kabisa, kando ya njia, yenye kivuli. Ametia sahihi kabla ya adhuhuri bila hata kuuliza kibao kitaandikwaje.

Nimekwenda kumpongeza, kwa nia ya kumvunja moyo. Nimemweleza kwamba wanawake wa kijiji kizima watakuwa hapo alfajiri hadi magharibi, wakisema na kucheka. Akajibu ndivyo anavyotaka, inshallah, kwa kuwa tangu afiwe na mumewe nyumba imekuwa kimya mno. Kisha akanipa mahamri mawili. Nimeyala yote kwa hasira.

Jioni nimezunguka shamba langu kutafuta kona ya kutoa. Kona ya njiani ina mihogo. Ya pili ina migomba. Ya tatu nafunga mbuzi. Ya nne ina choo.

Nimetoa ya nne. Kwenye karatasi sikutaja choo. Nimeandika: "Kona ya magharibi, yenye upepo."

Jumatano, 11 Juni

Nilifikiri hivi: mhandisi akiona ardhi yangu imelowa, atajua maji yako karibu. Hakuna haja ya kupima. Asubuhi Salha alipokwenda kuuza mboga, nikachukua mitungi yake mitatu iliyojaa, nikaimwaga yote kwenye ile kona. Nikasawazisha kwa jembe. Ikapendeza, kama mvua imenyesha pale tu.

Mhandisi amefika saa nne. Ni binti mpole wa bara, jina lake Phoebe, buti hadi magotini. Kwa Bi Mwanasiti amepima na mashine yake muda mrefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwangu hata mashine hakuitoa. Aliuliza mvua ilinyesha lini. Nikamwambia hapa kwangu hata kiangazi ardhi hailali kavu. Akachuchumaa, akachota udongo, akaunusa. Akaangalia choo, hatua sita kutoka pale. Akaniuliza kina umri gani.

Nikajibu kwa fahari kwamba alikichimba marehemu baba, mwaka themanini na nane, na shimo halijawahi kujaa.

Akaandika ukurasa mzima. Nikajua nimeshinda.

Alasiri akaja afisa wa afya na ile karatasi. Inasema choo changu kinavuja, ndiyo maana ardhi imelowa. Kifungwe leo, kichimbwe kingine mbali, na kisima kisisogezwe karibu na kona hii. Sikuweza kujitetea bila kusema nimemwaga maji mwenyewe. Akapigilia mbao mbili mlangoni. Misumari alikuja nayo.

Salha amerudi akitaka kuinjika chakula. Mitungi mitupu. Akauliza maji yake yako wapi. Nikasema yameingia ardhini. Akachukua mitungi miwili, akatoka tena, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Usiku alipaka dawa ya kuchua begani, mkono haufiki vizuri. Ningemsaidia, lakini sikuona wakati mzuri wa kusogea.

Alhamisi, 12 Juni

Sasa tunakwenda haja kwa Bi Mwanasiti. Nimepiga hodi mara tatu leo. Kila mara anaitikia vizuri, anauliza hali yangu, hali ya nyumbani, hali ya mbuzi. Mtu mwenye shida yangu hana nafasi ya salamu ndefu. Ameniwekea kopo langu peke yangu, la buluu, lisichanganyike na la watoto wa madrasa wanaokuja kununua mahamri.

Humo humo chooni kwake ndipo wazo limenijia. Kiwanja kikiwa na kaburi, nani atathubutu kuchimba? Kona ya Bi Mwanasiti zamani ilikuwa ya ukoo wetu. Ukoo una wafu wengi. Mmoja akihamia pale, nani atajua?

Sikusudii kuzuia maji. Nataka tu wakose pa kuchimba, wanirudie kwa heshima, nitoe kona ya mbuzi.

Ijumaa, 13 Juni

Mkutano ulikuwa kwenye baraza ya shule, baada ya swala. Watu wamejaa, wanawake wengi kuliko wanaume, wengine na mitungi yao kabisa. Mzee Mbarak ameuliza kama kuna pingamizi juu ya kiwanja cha Bi Mwanasiti. Nikasimama. Nilivaa koti.

Nikasema kwa huzuni kwamba babu yangu, marehemu Ruwa, amelala kwenye ile kona, na kwamba sina nguvu za kuona mashine ikipita kifuani mwake. Sauti ilitetemeka vizuri. Hata mimi nilianza kumlilia.

Bi Mwanasiti akainama. Akasema hakujua, na kama ni kaburi basi anaiondoa kona yake, Mungu amsamehe. Phoebe, aliyekuja na vipimo vyake, akafunga faili. Akaeleza, taratibu, kwamba pakiwa na mgogoro wa ardhi yeye hana ruhusa ya kuidhinisha kiwanja, na hakuna muda wa kupima kwingine. Fedha zitakwenda kwa wenzetu.

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Nikataja kona ya mbuzi. Hakuna aliyenisikia. Kina mama walianza kuinua mitungi yao mmoja mmoja, bila kelele. Afadhali wangenitukana. Nilitaka kusema nimekosea, lakini koti lilinibana.

Salha akasimama. Katika miaka ishirini na saba ya ndoa sijapata kumsikia akisema mkutanoni.

"Huyu ni mume wangu," akasema. "Babu yake amezikwa Kaloleni. Kila mwaka mimi ndiye ninayelifyeka lile kaburi, kwa mikono yangu hii. Yeye hukaa kivulini akinionyesha pa kukata."

Kisha akanigeukia mimi.

"Nzai, mimi nimechoka. Sema kweli, tuchimbiwe maji."

Nikasema kweli. Nilianza na babu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikasema na ya mitungi mitatu. Kicheko kilichotoka pale kimesikika Bamburi. Hata Phoebe alijificha nyuma ya faili. Salha peke yake hakucheka.

Kura imepigwa kwa mikono. Kiwanja cha Bi Mwanasiti, bila anayepinga. Wa mwisho kunyoosha mkono nilikuwa mimi.

Jumatatu, 23 Juni

Karatasi zimefika ofisini, zimepokelewa. Mzee Mbarak alizipeleka mwenyewe na kurudi na nakala yenye muhuri, akaionyesha kila nyumba. Kwangu aliionyesha akiwa ameishika kwa mikono miwili.

Kamati imechaguliwa. Mwenyekiti: Salha. Bi Mwanasiti ndiye aliyempendekeza. Nimekuwa mume wa mwenyekiti.

Nachimba shimo jipya la choo. Nimefika kiunoni. Wapita njia wananiuliza kama nimeshampata babu.

Alhamisi, 7 Agosti

Maji yametoka.

Mashine ilichimba siku nne. Jana wamefunga mabomba, leo saa tatu Phoebe akamwambia Salha afungue. Kwanza ikatoka pumzi, kisha matope, kisha maji meupe, mengi. Wanawake walipiga vigelegele mpaka Bi Mwanasiti akakaa chini na kulia. Nimeonja. Hayana chumvi. Nilijipanga foleni nyuma kabisa, nikajaza mitungi miwili, nikaibeba mpaka nyumbani mwenyewe. Ni hatua mia mbili, na nimepumzika mara tatu. Salha alikuwa akienda saa nzima.

Jioni Salha ameoga uani kwa ndoo mbili nzima, bila kupima kwa kopo. Nilimsikia akiimba. Nikamwambia, kupitia ukuta wa makuti, kwamba nimemkosea sana. Akasema nimletee ndoo ya tatu.

Nimempelekea. Leo nimeapa: mambo ya werevu basi. Mtu mzima mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mzee Mbarak amepita na habari nyingine. Kaunti inafikiria kujenga zahanati huku kwetu, na watakuja Jumatano kuangalia ni upande gani wa kijiji wenye wagonjwa wengi.

Hili ni tofauti kabisa na lile la maji. Hapa hakuna ardhi ya kulowesha wala marehemu wa kusumbua. Hapa wanahitajika watu hai tu, na hao nawajua.

Nimetandika mikeka sita barazani. Watano wamekubali kuugua kuanzia Jumanne jioni. Wa sita anataka kwanza ajue atakuwa anaumwa nini, na kama atapewa uji.