Nilipima Kelele Wakati wa Maombi

Wasee, leo nimejimaliza. Niko Bungoma, nimejificha nyuma ya ukumbi wa mashindano ya sayansi, na sitoki hapa mpaka kila mtu aende kwao.

Mradi wetu mnaujua, wangu na Nafula. Nafula anatoka kijiji cha Ndalu, yuko kidato cha nne, kwa hivyo hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kufika fainali za taifa. Mimi niko cha tatu. (Akili ni zake. Mimi ni wa kubeba laptop.) Spika huku inatuma neno kwa milio, laptop kule inasikiliza. Kelele ikiharibu herufi, programu inarekebisha, raundi baada ya raundi, mpaka neno linyooke. Lakini lazima kwanza ijue kelele ni kiasi gani, ndio ijue iamini masikio yake kiasi gani. Kule shuleni kwetu Kitale ilifanya kazi mwezi mzima, hata posho mill ya kusaga unga ikinguruma nyuma ya darasa.

Asubuhi Nafula akaniambia, "Pima kelele tukiitwa, watu wakiongea. Umeskia?"

"Nimeskia, bana."

Nilisikia kweli. Lakini pasta mgeni akasimama kufungua kwa maombi, watu wote kimya, nikaona, si nimalize kazi mapema? Nikafungua jicho moja, nikabonyeza "Pima". (Shetani hapati shida na mimi.) Laptop ikaandika: kelele, karibu sufuri.

Baada ya amina, ukumbi ukachemka. Shule saba, jenereta dirishani, viti vya chuma vikikokotwa.

Tukaitwa. Jaji, mama mmoja wa miwani, akaandika neno MAHINDI kwa karatasi, akawaonyesha watu, akampa Nafula alitume. Mimi nikabaki upande huu na laptop na maikrofoni ya kuwaelezea watu, skrini ikionekana ukutani kwa projekta.

Raundi ya kwanza: MAHINBI. Makofi. Nikainama kidogo kama mheshimiwa.

Raundi ya tatu: MKHINBO.

Raundi ya kumi: QKZUNBO. Na chini yake: "Uhakika: asilimia 100."

"Kijana," jaji akasema, "hiyo ni nini?"

"Bado inafikiria, madam."

"Inafikiria, na tayari ina uhakika?"

Nafula akaja mbio, akaiona ile sufuri. "Ulipima saa ngapi?"

Nikaanza kupanguza skrini kwa shati.

"Mjibu mwenzako," jaji akasema. "Umeiambia hapa hakuna kelele, ndio maana inaamini kila upuzi inaosikia. Ulipima lini?"

Maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu, ikiwa imewashwa. "Wakati wa maombi, madam."

Kimya. (Hicho sasa ndicho kilikuwa kimya cha kupima.) Pasta akageuka pale mbele.

"Kumbe ni wewe ulikuwa ukibonyeza-bonyeza? Mimi nilidhani ni panya."

Shule saba zikacheka. Kuna mwalimu alitoka nje kabisa ili acheke vizuri. Nikaomba turudie, dakika mbili tu. Jaji akaangalia saa yake, akaita wanaofuata. Majina ya waliofika fainali yamesomwa, yote ya wengine.

Nafula hajanitusi. Amekunja waya za spika polepole, akaniuliza tu kama nimekula.

Kwa hivyo nyinyi chekeni, mimi nimezoea. Lakini mkikutana na Nafula Jumatatu, tafadhali, mnyamaze.