Mwalimu wa Bustani ya Bibi

Jumatatu, 4 Machi
Bibi hawezi tena kushuka kitandani. Ametuita mimi na binamu yangu, yule tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani, akanikabidhi bustani. Mimi! Profesa akauliza kwa nini. Bibi akasema Profesa udongo anaujua tayari, huyu mume wangu, akininyooshea kidole mimi mjukuu wake, ndiye anayeuhitaji. Neno hilo nimelichukua kama sifa.

Chakula hataki. Anataka kitu kimoja tu: nyanya iliyoivia kwenye mche wake, aione kabla haijachumwa. Muuguzi anayekuja kumgeuza alinivuta koridoni akaniambia, kijana, akitaka kitu mpe mapema. Nikamjibu hakuna shida. Kisha nikaenda kukaa chooni kidogo.

Jumanne, 5 Machi
Somo la kwanza. Bibi asema nipalilie nikiwa nimepiga magoti, ndipo nitajua kipi gugu na kipi mche, na moyo nao husafishwa hivyo hivyo. Maneno matamu. Nimeyakariri ili niyafundishe mtaani. Mwenye maneno kama haya huitwa mwalimu. Magoti yenyewe sikupiga, suruali ni mpya. Nimelima nikiwa wima, kwa jembe. Miche miwili imekwenda na magugu. Nimeizika kwa heshima zote.

Alhamisi, 7 Machi
Nyanya bado za kijani, kama zimekula kiapo. Profesa anasema zinataka maji ya asubuhi na subira. Nikamwambia subira ni ya watu wasio na mbinu. Nikaenda kwa jirani mfuga kuku kuomba mbolea. Akakataa, eti mbolea mbichi inaunguza, sharti ikae miezi ipoe. Nikamwambia kwamba Bibi hana miezi. Akachukua ndoo, akaijaza mwenyewe.

Jioni nimefundisha bombani, kwa wanaosubiri maji. Nimewaambia kila roho huiva kwa wakati wake. Fundi cherehani akauliza mbona mwalimu ananuka hivyo. Wivu tu.

Jumamosi, 9 Machi
Majani yamejikunja kama karatasi iliyookolewa motoni. Profesa amefukua akanionyesha mizizi: kahawia, inakatikia mkononi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Bibi leo amelamba maji ya kijiko, basi. Akauliza kama nyanya yake imeanza wekundu. Nikasema inaona haya kidogo. Akacheka mpaka akapaliwa, Mama akanitoa nje.

Jumapili, 10 Machi
Mbinu imepatikana. Nimenunua nyanya gengeni, nyekundu kabisa, nikaifunga kwa uzi wa kijani kwenye ule mche ulioungua kidogo kuliko wenzake. Profesa akamleta Bibi mgongoni. Baadaye alisema alikuwa mwepesi kama shuka, akavua miwani akaifuta, kumbe haikuwa chafu.

Bibi akaishika nyanya. Kidole kikafika kwenye uzi, kikasimama. Nikatazama mawingu. Akasema, mume wangu, umeifunga vizuri, hata upepo usingeiangusha. Akaila yote, maji yakimchuruzika kidevuni, mbegu moja akanibandika shavuni. Akasema udongo hauna kinyongo, nipande tena, safari hii taratibu.

Sidhani kama aligundua.

Jumanne, 12 Machi
Bibi alifariki jana alfajiri. Leo tumemzika. Profesa alichimba na wanaume wengine, mimi nikapewa kazi ya kupanga viti.

Nilisimama kuwapa waombolezaji masomo ya Bibi. Nilifika pale kwenye magoti, sauti ikagoma. Fundi cherehani akanishika kiwiko, akaniketisha kama mtoto, akasema inatosha, mwalimu. Safari hii hakuwa ananitania. Nilimaliza somo kimoyomoyo. Lilikuwa zuri sana.

Alhamisi, 14 Machi
Mama hajala tangu maziko. Amekaa kwenye kitanda cha Bibi, mikono mapajani, anatazama ukuta. Profesa kaleta uji, umepoa na utando juu. Nikamweleza Mama kwamba bustani imenifunza kungoja, na yeye ajifunze kwangu. Nikamuuliza moyo wake unataka nini. Akasema hautaki kitu. Nikamganda. Mwisho akasema basi papai, mwanangu, niache nipumzike.

Asubuhi hii nimefukia mbegu za papai chini ya dirisha lake. Nimemwambia Jumamosi atakula.